Joseph Whitworth, Fundi wa Vipimo, na Bunduki Yake

Msomaji, ukipata nafasi ya kumtazama fundi wa mabomba anapotengeneza bomba la maji la bweni lenu, yatazame yale meno yaliyokatwa mwishoni mwa bomba. Meno hayo yana pembe ya digrii 55, na kwa hiyo bomba lililotengenezwa nchi moja huingia katika kiungo kilichotengenezwa nchi nyingine bila ugomvi. Aliyeichagua pembe hiyo ni fundi mmoja wa mji wa Manchester, Uingereza, katika mwaka wa 1841. Jina lake ni Joseph Whitworth. Baba zetu waliofanya kazi katika gereji wanalijua vizuri jina hilo, kwa maana lilikuwa limepigwa chapa juu ya spana walizotumia kwa magari ya zamani ya Kiingereza.

Lakini leo sikukusudia kueleza habari za mabomba. Whitworth alipokuwa na umri wa miaka hamsini aliitwa na Serikali ya nchi yake kwa jambo la bunduki, akaifanya kazi hiyo kwa namna ambayo hakuna mhunzi wa bunduki aliyekuwa ameifanya kabla yake. Kila mwindaji wa leo anayejipimia baruti na kujichagulia risasi ili bunduki yake ipige mahali pamoja, anafuata njia ambayo Whitworth aliipita, ajue asijue.

Alizaliwa Stockport, karibu na Manchester, tarehe 21 Desemba 1803. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, na baadaye akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake alifariki Joseph akiwa bado mtoto. Alipofika umri wa miaka 14 alipelekwa kwa mjomba wake aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba huko Derbyshire. Nia ya wazee ilikuwa awe bwana wa kiwanda, avae nguo safi, aandike hesabu. Yeye alipenda mashine kuliko pamba. Alijifunza kila mashine iliyokuwamo mle kiwandani, na neno moja likamsumbua: zote zilitengenezwa ovyo ovyo, hata sehemu mbili zilizopaswa kuwa sawa hazikuwa sawa. Baada ya miaka minne hivi akatoroka, akaenda Manchester kuwa fundi wa kawaida mwenye mikono yenye mafuta.

Mwaka wa 1825 akaenda London na kupata kazi katika karakana ya Henry Maudslay, ambaye wakati ule alikuwa bingwa wa mafundi wote wa Uingereza. Huko ndiko alikoshughulikia jambo la bamba bapa. Jambo hili yafaa nilieleze polepole, maana bila ya kulifahamu hutafahamu habari ya bunduki.

Ukitaka kutengeneza bamba la chuma lililo bapa kabisa, utajuaje kama ni bapa? Utalilinganisha na bamba jingine. Lakini je, hilo la pili ni bapa? Mabamba mawili yaweza kukubaliana yote mawili yakiwa na kosa: moja limebinuka kidogo, jingine limebonyea kidogo, yakashikana kama sahani juu ya sahani. Basi Whitworth alichukua mabamba matatu. Alilipaka la kwanza rangi nyembamba, akaligusisha na la pili, na kila palipopata rangi palikuwa pameinuka, akapakwangua kwa chombo kikali. Kisha la kwanza na la tatu. Kisha la pili na la tatu. Mawili yaweza kudanganyana, lakini matatu yakikubaliana yote kila moja na mwenzake, hapana njia nyingine ila yawe bapa. Mafundi wengine walikuwa wakisugua mabamba kwa unga wa msasa, na ule msasa ulikula mahali pasipotakiwa. Whitworth akauacha msasa, akashika kikwaruzo. Mwaka wa 1840 aliieleza njia hiyo mbele ya wataalamu waliokutana Glasgow.

Mwaka wa 1833 alikuwa amekwisha rudi Manchester na kufungua karakana yake mwenyewe, akatundika kibao kueleza kwamba yeye ni mtengenezaji wa zana aliyetoka London. Hapo ndipo alipokusanya skrubu kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akachukua wastani wa meno yake, na kutoka katika wastani huo akatoa kipimo kimoja cha nchi nzima. Wakati wa vita vya Crimea, Serikali ilipohitaji injini nyingi za manowari ndogo kwa haraka, sehemu zake zilitengenezwa katika karakana mbalimbali kisha zikaunganishwa, kwa sababu skrubu zilikuwa za kipimo kimoja.

Alitengeneza pia mashine ya kupimia ambayo ilitambua tofauti ya sehemu moja katika milioni ya inchi. Wanafunzi wa hesabu watapenda kujua jinsi ilivyofanya kazi. Skrubu yake ilikuwa na meno 20 katika kila inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja uliisogeza sehemu moja ya 20 ya inchi. Skrubu hiyo ilizungushwa na gurudumu lenye meno 200. Nalo gurudumu hilo lilisukumwa na skrubu nyingine yenye duara lililogawanywa mara 250. Zidisha 20 kwa 200, kisha kwa 250, utaipata ile milioni. Kujua kama kitu kimebanwa sawasawa, alitia kipande chembamba cha chuma kati ya kitu kile na mashine: kikianguka, bado kuna nafasi, kikining'inia, kimeshikwa.

Huyo basi ndiye mtu aliyeendewa mwaka wa 1854. Lord Hardinge, mkuu wa majeshi ya Uingereza, alitaka mashine za kutengenezea bunduki mpya ya askari, iliyoitwa Enfield. Mfanyabiashara mwingine angalichukua fedha na kutengeneza mashine. Whitworth aliuliza kwanza sababu ya umbo la ule mtutu. Kwa nini tundu lake liwe na upana wa inchi 0.577? Kwa nini mifereji iliyochongwa ndani yake izunguke mara moja tu katika inchi 78? Hakuna aliyeweza kumjibu. Wahunzi wa bunduki walikuwa na desturi na siri za baba zao, lakini hawakuwa na vipimo. Tena aliona kwamba mitutu iliyotoka kwa mafundi bora haikupiga sawa, moja ikilenga vyema na mwenzake vibaya, na sababu haijulikani. Akaijulisha Serikali kwamba hatatengeneza mashine ya kutoa maelfu ya mitutu kabla ya kujua mtutu mwema ni upi. Serikali ilikubali kulipa gharama za majaribio.

Akajenga jengo la ajabu katika uwanja wa nyumba yake nje ya Manchester. Lilikuwa na urefu wa yadi 500, yaani karibu nusu kilometa, upana wa futi 16 na kimo cha futi 20, limeezekwa vigae. Ndani ya jengo hilo upepo haukuweza kuisukuma risasi. Lilipokwisha tu dhoruba ikaja ikaliangusha, nalo likajengwa tena. Majaribio yakaanza mwezi wa Machi 1855.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu mtu akipiga shabaha nje akikosa, ana visingizio kumi: upepo, jua machoni, mkono uliotetemeka, baruti mbaya. Whitworth aliviondoa visingizio kimoja kimoja. Upepo aliuondoa kwa ukuta. Mkono aliuondoa kwa kuifunga bunduki juu ya chombo kizito cha chuma. Macho aliyasaidia kwa kutundika karatasi nyembamba sana moja baada ya nyingine katika njia ya risasi, hata kila karatasi ikaonyesha tundu. Akiyafuata matundu hayo aliona njia yote ya risasi, jinsi inavyopanda na kushuka. Na tundu likiwa refu badala ya duara, alijua kwamba risasi imeanza kuyumba na kupita ubavu.

Kisha akaanza kubadili kitu kimoja kimoja. Risasi ya Enfield ilikuwa na uzito wa gramu 34, nene na fupi, ikipigwa kwa baruti ya gramu nne na nusu. Whitworth aliuacha uzito na baruti vilevile. Alichobadili ni umbo: aliifanya risasi nyembamba na ndefu, ya inchi 0.451 badala ya 0.577. Risasi nyembamba hupasua hewa kwa urahisi na haipotezi mwendo upesi. Lakini risasi ndefu ina tabia ya kupinduka. Hapa ukumbuke mchezo wa pia. Pia ikizunguka polepole huyumba na kuanguka. Ikizunguka kwa kasi husimama wima. Risasi nayo ni hivyo, na kadiri inavyokuwa ndefu ndivyo inavyotaka kuzungushwa kwa kasi zaidi. Alijaribu mizunguko ya kila namna, hata ule mkali wa kuzunguka mara moja katika inchi moja, jambo ambalo wahunzi wengi wangalisema litapasua mtutu. Mwisho akachagua mzunguko mmoja katika inchi 20. Risasi yake ilizunguka karibu mara nne zaidi ya ile ya Enfield.

Lakini risasi inayolazimishwa kuzunguka kwa kasi hivyo yaweza kuteleza juu ya mifereji na kutoka mbele bila kuifuata. Kwa hiyo Whitworth aliacha mifereji kabisa. Tundu la mtutu wake lilikuwa na pembe sita, kama tundu la nati lililorefushwa na kusokotwa, na risasi yake nayo ilichongwa pembe sita zilizosokotwa kwa kipimo hicho hicho. Haikuwa na njia ya kuteleza. Wazo la tundu lenye pembe lilikuwa limekwisha jaribiwa kabla yake. Mhandisi mashuhuri Brunel alimwagiza mhunzi Westley Richards mtutu wa pembe nane. Tofauti ni kwamba Whitworth alikuwa na uwezo wa kupima. Mtutu na risasi vinavyopaswa kuingiana hivyo havitaki kosa hata la unene wa unywele.

Bunduki hii ilijazwa kwa mbele, kama gobori zetu. Mpigaji alimimina baruti iliyopimwa, akatia kipande cha nta na mafuta cha kulainisha masizi, akaingiza risasi iliyozungushiwa karatasi, akaisukuma kwa mdeki, kisha akaweka fataki. Whitworth alizitengeneza pia ganda za karatasi zenye vitu vyote hivyo kwa mpango wake, ili mtu asikosee. Hizo pembe sita hazikuwa lazima kwa kila risasi, maana risasi laini ya mviringo ilipopigwa na nguvu ya baruti ilivimba na kuzijaza pembe za mtutu. Bali ile iliyochongwa tayari iliweza kutengenezwa kwa madini magumu zaidi, hata chuma. Kila mabadiliko ya risasi yalidai kuangaliwa upya kwa baruti na kwa ile nta. Mtutu mmoja hupenda chakula kimoja, na hakuna njia ya kukijua ila kupiga, kupima na kuandika.

Mwezi wa Aprili 1857 bunduki hizo mbili zilishindanishwa huko Hythe, penye shule ya shabaha ya jeshi. Msomaji aelewe jinsi walivyohesabu. Hawakutazama risasi moja iliyopiga katikati, kwa maana bahati nayo hupiga katikati. Walipiga risasi nyingi, wakatafuta kitovu cha matundu yote, wakapima umbali wa kila tundu kutoka kitovu hicho, wakachukua wastani. Kwa yadi 500, wastani wa Enfield ulikuwa zaidi ya futi mbili. Wastani wa Whitworth ulikuwa futi 0.37, yaani kama inchi nne na nusu tu. Kwa yadi 1,100, ambazo ni kilometa moja, Enfield ilitawanya risasi zake kwa wastani wa futi nane hivi, na Whitworth futi mbili na nusu hivi. Walipofika yadi 1,400 Enfield haikuweza tena kupatiwa hesabu. Ya Whitworth ikaendelea.

Mtu atadhani Serikali iliinunua bunduki hiyo siku ya pili. Haikuinunua. Mwaka wa 1859 kamati ya maofisa ilitoa rai kwamba tundu lake ni jembamba mno kwa silaha ya vita. Tena bei yake ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko Enfield. Na lilikuwako tatizo la masizi. Baruti nyeusi ya siku zile iliacha uchafu mwingi katika mtutu, na mtutu ulioingiana na risasi kwa kipimo chembamba hivyo hujaa upesi, hata kushindilia risasi kukawa kazi. Maelfu kadhaa ya bunduki za mtindo wake zilitengenezwa katika miaka ya 1862 na 1863 ili askari wazijaribu, na malalamiko yakawa ni yale yale.

Waandishi wengi wa maisha ya Whitworth huwacheka maofisa hao. Mimi siwacheki wote. Kuhusu wembamba wa tundu walikosea kabisa, na miaka michache baadaye jeshi lenyewe lilithibitisha kosa hilo, kama nitakavyoeleza. Lakini kuhusu masizi walikuwa na haki. Mpigaji wa shabaha mwenye nafasi anaweza kufuta mtutu wake kila baada ya risasi moja. Askari aliye katika mvua na moshi, ambaye adui anamkaribia mbio, hana nafasi hiyo. Whitworth alipima kila kitu katika jengo lake lisilo na upepo, ila hakumpima huyo askari.

Wapenda shabaha walimpokea kwa furaha. Tarehe 2 Julai 1860, chama cha taifa cha shabaha kilipofungua mashindano yake ya kwanza huko Wimbledon, Malkia Victoria ndiye aliyepiga risasi ya kwanza. Bunduki ya Whitworth ilikuwa imefungwa juu ya chombo chake na kulengwa tayari, na Malkia akavuta uzi wa hariri. Shabaha ilikuwa yadi 400. Risasi ilipiga inchi moja na robo tu kutoka katikati. Malkia hakuwa mlengaji, na hilo ndilo Whitworth alilotaka watu walione: palikuwa na chuma, risasi na baruti vilivyopatana, basi.

Wawindaji nao wakamjia. Kampuni yake ya Manchester ilitengeneza bunduki za kuwindia, nyingine zenye mitutu miwili, na mabwana waliokwenda kuwinda kulungu katika milima ya Scotland walizinunua. Mwindaji hajui umbali wa mnyama kwa yadi, anakisia. Risasi ya polepole huanguka sana njiani, na aliyekisia vibaya kwa yadi hamsini hupiga juu ya mgongo au huvunja mguu, mnyama akaenda kufia porini siku ya tatu. Risasi inayokwenda karibu na mstari ulionyooka humsamehe mwindaji makosa ya macho yake, na humpunguzia mnyama mateso. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi njema kuliko zote ambazo bunduki ile ilifanya, ingawa vitabu vya historia huitaja kidogo sana.

Kazi yake nyingine inajulikana zaidi. Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na majimbo ya Kusini, yaliyopigana ili kuhifadhi utumwa, yalifaulu kuingiza idadi ndogo ya bunduki za Whitworth. Kwa kuwa zilikuwa chache na ghali, zilipewa walengaji hodari tu. Tarehe 9 Mei 1864, huko Spotsylvania katika Virginia, Jenerali John Sedgwick wa jeshi la Kaskazini alikuwa akiwatania askari wake kwa kuinamisha vichwa, akiwahakikishia kwamba adui yuko mbali mno asiweze kupiga kitu chochote. Muda mfupi baadaye risasi ikampiga chini ya jicho la kushoto, akafa papo hapo. Wengi huamini kwamba ilitoka katika bunduki ya Whitworth. Fundi aliyekuwa Manchester hakumchagulia mtu adui. Lakini chombo kinachopiga kulungu pasipo kosa hakiulizi mbele yake kuna nini, na mwenye kukiuza ameuza mambo yote mawili.

Katika shabaha pia ushindi wake haukudumu. Mhandisi mmoja wa Somerset aliyeitwa William Metford, mtu dhaifu wa afya aliyewahi kufanya kazi ya reli huko Bara Hindi, alichukua mafunzo ya Whitworth kuhusu risasi nyembamba na mzunguko mkali, akaziacha zile pembe sita. Mwaka wa 1865 alionyesha kwamba mifereji michache isiyo na kina yatosha, mradi risasi iwe ya madini magumu kidogo na baruti ipatane nayo. Mtutu wake haukushika masizi sana na ulifutika kwa urahisi. Whitworth hakukubali. Mwaka hata mwaka aliendelea kuzitetea pembe zake sita, akazitia katika bunduki na katika mizinga, akashindana kwa mizinga hiyo na tajiri mwenzake Armstrong kwa uchungu mwingi. Yule kijana aliyekataa msasa wa wazee kwa sababu haukupimwa, alipozeeka alishikilia pembe sita hata baada ya kupimwa na kushindwa.

Hata hivyo jeshi lilimfuata bila kumtaja. Mwaka wa 1871 Uingereza ilichukua bunduki ya Martini-Henry, inayojazwa kwa nyuma kwa ganda la shaba. Tundu lake lilikuwa la inchi 0.45, upana ule ule ambao kamati ya 1859 iliuona mwembamba mno. Bunduki hiyo ndiyo iliyoonekana sana mabegani mwa askari hapa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, na wazee wengi waliijua kwa jina la Martini. Kisha mwaka wa 1888 ikaja Lee-Metford ya inchi 0.303, yenye mifereji saba ya Metford.

Leo ganda la shaba limebadili mambo mengi, lakini wako wawindaji na wapiga shabaha katika Ulaya na Marekani ambao hujaza ganda zao wenyewe mezani. Hupima baruti kwa mizani ndogo, huongeza au kupunguza kidogo sana, hubadili kina ambacho risasi imekaa katika ganda, hupiga tano tano, hupima mtawanyiko, huandika daftarini. Hawabadili vitu viwili kwa mara moja, kwa maana wakifanya hivyo hawatajua kipi kilicholeta nafuu. Kazi hiyo si mchezo wa watoto. Baruti iliyozidi hupasua bunduki usoni mwa mwenyewe, na sheria za nchi zetu juu ya silaha na risasi ni kali, kwa sababu zinazoeleweka.

Mwaka wa 1869 Whitworth alipewa cheo cha heshima, akaitwa Sir Joseph. Alijenga nyumba kubwa huko Derbyshire, akabuni namna ya kugandamiza chuma cha pua kingali kimeyeyuka ili kisiwe na mapovu, na mitutu mingi ya bunduki za kuwindia ndege ilitengenezwa kwa chuma hicho. Alioa mara mbili lakini hakujaliwa mtoto. Alifariki Monte Carlo tarehe 22 Januari 1887, akazikwa Darley Dale.

Mali yake nyingi ilikwenda katika shule, hospitali na bustani za watu. Lakini zawadi ambayo wanafunzi wataipenda zaidi aliitoa mapema, mwaka wa 1868: paundi 3,000 kila mwaka za kuwasomesha vijana 30 wa ufundi, kila mmoja paundi 100. Mtihani wa kuzipata ulikuwa wa namna mbili. Kijana aliyezoea vitabu alipaswa kuonyesha kwamba anaweza kutumia tupa, kerezo au nyundo ya mhunzi, na kijana wa karakana alipaswa kuonyesha kwamba anajua hesabu na elimu ya nguvu za mashine. Wengi walianguka upande mmoja au mwingine. Zawadi hizo za Whitworth zingali zikitolewa Uingereza hata leo.